Kisiwa Kilipofungwa, Nani Aliubeba Mzigo?



Huenda mtu akauliza: sisi wa Igunga, tulio mbali na bahari, tunahusikaje na kufungwa kwa Zanzibar wakati wa ugonjwa wa Korona? Tunahusika sana. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Tabora hadi Bagamoyo iliziunganisha nchi zetu na visiwa hivyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe za ndovu pwani, wakapandisha nguo na shanga. Magonjwa nayo yalisafiri katika njia za biashara, kama kipindupindu kilichoua watu wengi mno Zanzibar mwaka 1869 na 1870. Siku hizi msafara ni basi na boti, na mpagazi ni kijana aendaye Nungwi, Kiwengwa au Paje kutafuta kazi ya ulinzi, upishi, ujenzi au usafi wa vyumba vya hoteli.

Mwezi Machi 2020 ugonjwa uliingia nchini. Hapa kwetu haikutolewa amri ya watu wote kujifungia majumbani, kama ilivyokuwa Uganda na Rwanda. Lakini kisiwa kinachoishi kwa kupokea wageni hufungwa mara ndege zinapokoma. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwezi Aprili, na hoteli zikafunga milango. Kufunga huko kulikuwa na sababu, kwa maana uhai hutangulia biashara. Hata hivyo, hasara ya kufunga haikugawanywa sawa.

Mwenye hoteli alipoteza mapato, na wengine mtaji wao ulitetereka. Kibarua asiye na mkataba alipoteza chakula cha siku ile ile. Mvuvi alikosa wa kumwuzia pweza, na mama wa viungo hakuona mnunuzi. Aliyetoka Bara hakuwa na shamba la kukimbilia kisiwani. Alirudi kwao mikono mitupu, au akabaki akidaiwa kodi ya chumba. Na huku nyumbani, wazazi waliozoea kutumiwa fedha kwa simu walisubiri bila kupata kitu.

Tarehe 6 Juni 2020 Zanzibar iliwafungulia wageni milango. Matumaini yalikuwa makubwa, na takwimu zinaonyesha kwamba hayakuwa ya bure. Wageni walikuwa zaidi ya 538,000 mwaka 2019, wakashuka hadi kama 260,000 mwaka 2020. Mwaka 2022 walikuwa wamezidi 548,000, na mwaka 2023 walipita 638,000. Tunamshukuru Mungu kwa neema hiyo.

Lakini wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, je, ni mwenyeji yupi aliyepona? Wageni huhesabiwa uwanjani kila mwezi. Vijana waliorudishwa makwao bila barua wala kiinua mgongo, nani aliwahesabu? Kufungua milango ni jambo moja, na kurekebisha yale yaliyowaumiza watu ilipofungwa ni jambo jingine. Ikiwa kijana anarudi leo kwenye kazi ile ile, kwa makubaliano ya mdomo yale yale, basi siku ya maradhi mengine mzigo utatua tena juu ya kichwa kile kile.

Yatupasa basi kuchukua hatua hapa tulipo, kabla kijana hajapanda basi. Kwanza, afahamu kwamba mambo ya kazi si mambo ya Muungano. Aliye Bara hulindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Aliye Zanzibar huongozwa na Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na mfuko wake wa hifadhi ya jamii ni ZSSF. Pili, adai mkataba wa maandishi, atunze nakala yake, na aulize kama michango yake inapelekwa. Tatu, Jumuiya Ndogo Ndogo na VIWAWA ziwajue vijana wao waliosafiri, ziwatafute wakiwa kazini, na ziwapokee bila kejeli wanaporudi. Anayerudi mikono mitupu kwa sababu ya tauni si mvivu wala si mpotevu.

Nao viongozi wa serikali na wenye hoteli tunawaomba waiweke akiba ya mfanyakazi katika hesabu za miaka ya neema, kama vile Yosefu alivyoweka nafaka Misri kabla ya njaa. Haki inayosubiri msiba ndipo ianze kutafutwa huwa imechelewa. Tuliopewa miaka hii ya utulivu tuitumie kujiandaa, ili mlango ukifungwa tena, asiwepo atakayeachwa nje peke yake.