Ukweli kuhusu watoto wetu umo maktabani, tuufuate

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema wahenga. Lakini je, mzazi anayeishi Muthurwa, Kaloleni au Shauri Moyo huyapata wapi maarifa ya kumlea mtoto huyo? Aghalabu huyapata kwa jirani, kwa yaya, au siku hizi katika simu, ambako kila mtu ni daktari.

Ndiyo sababu hadi leo utasikia kina mama wakiambiana kwamba mtoto wa kiume huchelewa kusema, kwa hivyo asiyetamka neno akiwa na miaka mitatu angojewe tu. Huenda mtoto huyo hasikii. Kila mwezi anaongojewa ni mwezi anaoupoteza, kwani msingi wa lugha huwekwa katika miaka ya kwanza ya maisha.

Ndugu msomaji, maarifa kuhusu makuzi ya watoto hayakosekani. Tena mengi hayakutoka ng'ambo. Yalikusanywa kwa watoto wa Kenya hii hii, mama zao wakihojiwa na kupimiwa watoto. Kisha yakaandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa kwenye rafu ambazo mama hao hawazifikii. Mimi nasema tuyafuate huko yaliko, na walioyakusanya waturudishie.

Hebu tazama mifano michache.

Katika miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness kutoka Marekani waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, wakichunguza makuzi ya watoto. Mwaka 1976 Super alichapisha matokeo kwamba watoto wachanga wa huko waliketi na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, kwa kuwa mama zao huwafundisha makusudi. Katika mambo wasiyofundishwa, kama vile kutambaa, hawakuwatangulia wenzao. Mwenye deikea anayewalaza watoto chali kutwa nzima ili wasimsumbue angefaa kulijua hilo.

Huko Embu, kuanzia mwaka 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa California waliwapa wanafunzi wa shule 12 za msingi githeri. Kundi moja liliongezewa nyama, jingine maziwa, jingine mafuta, na la nne halikupewa chakula. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokula nyama waliendelea vizuri zaidi kuliko wengine katika mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri. Githeri tunaipika kila siku Muthurwa. Ni wangapi wetu wamepata kusikia habari hii?

Karibu nasi zaidi, Dkt Elizabeth Kimani-Murage na wenzake wa kituo cha utafiti cha APHRC walichunguza ulishaji wa watoto wachanga mitaani Korogocho na Viwandani. Mwaka 2011 waliripoti kwamba ni asilimia 2 hivi tu ya watoto walionyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Kwa mama anayerudi kwenye kibanda chake cha mboga katika soko la Muthurwa wiki chache baada ya kujifungua, hayo ndiyo maisha yake yanayosimuliwa.

Sasa utaanzia wapi?

Anzia nyumbani. Kile Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto ulichopewa kliniki si cha chanjo pekee. Ndani yake mna jedwali la uzito na orodha ya mambo ambayo mtoto hutarajiwa kuyafanya katika kila umri. Wengi wetu hukitoa kabatini siku ya sindano tu.

Kutoka hapo, shika njia ya Jogoo Road hadi maktaba ya Kaloleni, mwendo wa miguu tu kutoka Muthurwa. Ni tawi la maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mjini mwaka 1931 na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Matawi ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa kupitia shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017. Mlango ambao babu zetu walifungiwa uko wazi. Ni aibu sisi kuupita.

Ukifika, usimwambie mkutubi kwamba unataka kitabu cha watoto, atakupeleka kwenye hadithi za sungura na fisi. Mtajie umri wa mtoto na jambo linalokusumbua: usingizi, lugha, chakula au hasira. Ujue pia kwamba vitabu hivi havikai pamoja. Kwa nambari za Dewey, zinazotumiwa na maktaba nyingi za umma, akili ya mtoto huwekwa kwenye 155.4, malezi ya nyumbani 649, magonjwa ya watoto 618.92, na elimu ya chekechea 372.21. Anayetazama rafu moja hutoka akidhani hamna kitu.

Ukikosa hapo, kuna tawi la Maktaba ya Taifa Buruburu, na Maktaba Kuu iliyoko Upper Hill. Walimu wa chekechea na wanafunzi waulize pia katika taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD, iliyoko Desai Road. Kituo cha taifa cha elimu ya chekechea kilianzishwa huko mwaka 1984, wakati taasisi hiyo ikiitwa KIE, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kukusanya nyimbo, hadithi na michezo ya watoto katika lugha zetu. Vyuo vikuu navyo vimeweka tasnifu nyingi kwenye mtandao, nazo husomwa bila malipo.

Hata hivyo, si kila kilichochapwa ni cha kuaminiwa. Kabla hujakubali, jiulize: ni watoto wa wapi waliochunguzwa? Walikuwa wangapi? Ilikuwa mwaka gani? Jambo lililoonekana kwa watoto wachache wa Chicago huenda lisimhusu mwanao. Usibabaike pia kwa tofauti ndogo. Shirika la Afya Duniani lilipochunguza watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilipata mwaka 2006 kwamba watoto wenye afya njema huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu 18. Lakini akipitisha hapo, au akiwa haitiki sauti, funga kitabu umpeleke kliniki. Kitabu hakishiki nafasi ya daktari.

Najua utaniambia kwamba mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kununua sukuma wiki hana nafasi ya maktaba. Ni kweli. Lakini si lazima sote tuende. Katika kila chama cha kina mama, kila kanisa na kila msikiti, hakosekani mwalimu au kijana aliyemaliza kidato cha nne. Mmoja akisoma, kumi watasikia.

Wakubwa nao wasijifiche nyuma ya bidii yetu. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi kila utafiti unaofanywa kwa watoto wa Eastlands ufupishwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja au miwili, na nakala ziwekwe Kaloleni, Makadara na katika kila zahanati. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 huingia majumbani mwetu. Wapewe kurasa hizo wazisome na wazazi.

Mtafiti aliyeruhusiwa kuingia nyumbani kwako, akampima mwanao na kuandika majibu yako, hakuja kukopa chumvi. Akija tena, mkaribishe, lakini muulize matokeo ya safari iliyopita yako wapi. Wakati ukingoja jibu, pita Kaloleni uanze kusoma. Kuuliza si ujinga.