Nani Kasema Mji Mdogo ni Salama?

Kuna ushauri ambao familia nyingi zenye ndugu Marekani zimeuzoea, aghalabu kutoka kwa shemeji aliyetangulia huko: achana na Chicago, achana na Baltimore, utauawa bure, tafuta kamji kadogo, watu wanajuana, polisi hawana kazi. Siku hizi ushauri huo unakuja na ushahidi kabisa. Unatumiwa kwenye simu orodha ya miji salama, imepangwa tangu wa kwanza hadi wa mwisho, kila mmoja na namba yake ya uhalifu kwa kila watu 100,000. Namba ina desimali. Nani atabishana na desimali?

Mimi nabisha. Na nitabishia palepale ambapo shemeji anajiona ameshinda: jimbo la Maine, kule pembe ya kaskazini mashariki, ambalo mwaka hadi mwaka liko mkiani au karibu na mkia kwa uhalifu wa kutumia nguvu katika Marekani nzima. Mauaji ya jimbo zima kwa kawaida ni ishirini au thelathini hivi kwa mwaka. Kuna miji ya Marekani inayoifikia hesabu hiyo kabla mwezi haujaisha.

Lewiston ni mji wa pili kwa ukubwa Maine, na bado sensa ya 2020 ilikuta watu 37,121 tu, idadi ambayo baadhi ya kata za Dar es Salaam zinaizidi. Umekaa kando ya mto Androscoggin, ukajengwa na viwanda vya nguo na jasho la Wakanada wasemao Kifaransa waliotoka Quebec. Viwanda vikafa, vijana wakaondoka, nyumba zikabaki tupu. Mwaka 2001 Wasomali walianza kuhamia, baadaye wakaja Wabantu wa Somalia waliolelewa katika kambi za Dadaab na Kakuma, kisha watu wa Kongo na nchi jirani. Ndiyo maana Kiswahili kimefika mpaka huko kwenye theluji.

Wenyeji hawakuwapokea wote kwa mikono miwili. Oktoba 2002 meya Laurier Raymond aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi, akiwataka wawaambie wenzao wapunguze kuja. Barua ilizungumzia fedha na uchovu wa mji. Mtaani yakaongezwa mengine, yale ambayo kila mgeni duniani huongezewa: hawa watatuletea uhalifu. Januari 2003 kundi la wabaguzi wa rangi likafanya mkutano wao mjini humo. Walihudhuria makumi machache. Siku hiyohiyo maelfu ya wakazi walikusanyika upande mwingine kuwakataa. Hilo la pili husahaulika upesi, maana halitishi mtu.

Basi hofu ya mji ilikuwa na sura, na sura hiyo ilikuwa ya mgeni. Jioni ya Jumatano, tarehe 25 Oktoba 2023, mtu mwenye bunduki aliingia katika ukumbi wa mchezo wa bolingi ambamo watoto walikuwa wakicheza ligi yao, akafyatua risasi, akatoka, akaendesha gari hadi kwenye baa moja upande mwingine wa mji, akaendelea. Watu 18 walikufa. Wanne kati yao walikuwa viziwi, waliokuja baa kwenye mashindano ya kurusha vifuko kwenye tundu la ubao. Kwa siku mbili mji ulifungwa, watu wakajifungia majumbani, hadi muuaji alipokutwa amejiua. Hakuwa mkimbizi wa Dadaab. Alikuwa Robert Card wa Bowdoin, kijiji cha karibu, askari wa akiba wa jeshi la Marekani aliyewahi kuwafundisha makadeti kurusha maguruneti.

Sasa tufanye hesabu ambayo shemeji anaipenda. Watu 18 katika mji wa 37,121 ni karibu 48 kwa kila 100,000. Chicago mwaka huohuo ilikuwa na mauaji zaidi ya 600 kwa watu milioni 2.6 na kitu, yaani kama 23 kwa kila 100,000. Kwa desimali zilezile zilizokupeleka Lewiston, Lewiston ya 2023 ilikuwa hatari mara mbili ya Chicago. Je, ni kweli? Upuuzi mtupu. Lakini ni upuuzi uleule uliotumika mwaka uliotangulia kuusifu mji huo, na hauwi hekima kwa sababu tu ulisema unachotaka kusikia. Katika mji wa ukubwa ule, maiti mmoja tu anapandisha kiwango kwa 2.7. Ugomvi wa walevi wawili unatosha kuushusha mji ngazi kadhaa kwenye orodha, na daktari mmoja hodari wa upasuaji anatosha kuurudisha juu.

FBI yenyewe, inayokusanya takwimu hizo, kwa miaka mingi imeonya kwamba zisitumike kupanga miji kwa ngazi. Mwaka 2021 ilipobadili mfumo wa kupokea taarifa, maelfu ya vituo vya polisi havikuwasilisha chochote, wakiwemo polisi wa New York na Los Angeles. Na hata mwaka ambao kila kituo kinaleta, kinacholetwa ni kile kilichoripotiwa. Tafiti za serikali ya Marekani zinazowauliza wananchi majumbani huonyesha kuwa zaidi ya nusu ya uhalifu wa kutumia nguvu haufiki polisi kabisa. Mji ambao mkimbizi anamwogopa polisi unaweza kuonekana mtulivu sana.

Sisemi Chicago ni shwari. Mama wa mtaa wa Englewood huko aliyezika mwanawe hahitaji makala yangu. Lakini hata Chicago, risasi zimerundikana katika mitaa michache ya magharibi na kusini, huku mitaa mingine ya kaskazini ikipitisha mwaka karibu bila mauaji. Wastani wa mji si anwani ya mtu yeyote.

Kinachoniudhi zaidi ni kile ambacho namba hiyo haikukusudiwa kukihesabu. Maine hiyohiyo, mkiani kwa uhalifu, mwaka 2022 ilipoteza watu zaidi ya 700 kwa kuzidisha dawa za kulevya, wengi wao kwa fentanili. Hao hawamo kwenye orodha ya mauaji. Vifo vingi vya risasi jimboni humo ni vya watu kujiua, mara nyingi nyumbani, kwa bunduki iliyokuwa kabatini, nao hawamo. Na katika yale mauaji machache yanayohesabiwa, takriban nusu ni ya majumbani, mume na mke, baba na mwana. Yaani yule jambazi wa kichochoroni ambaye umesafiri kilomita elfu moja kumkimbia, ndiye aliyekuwa na nafasi ndogo ya kukuua. Lakini hakuna anayetuma kwenye kundi la familia orodha ya miji ambayo majirani zako wanazimia bafuni.

Halafu kuna huko kujuana. Hii ndiyo nguzo ya imani yenyewe: mji mdogo watu wanajuana, kwa hiyo hakuna litakaloharibika. Tangu Mei 2023 watu wa familia ya Card walikuwa wamewaeleza maofisa wa sherifu kwamba anasikia sauti na ana bunduki. Julai alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili New York kwa takriban wiki mbili. Septemba askari mwenzake alionya kwamba huyu ataua watu wengi. Ofisa akaenda mlangoni, akagonga, hakufunguliwa, akaondoka. Jambo la kumwondolea silaha likaachiwa familia. Watu wenyewe wanafahamika, ni watu wazuri, watalimaliza nyumbani.

Tume huru iliyoongozwa na jaji mkuu mstaafu wa jimbo, Daniel Wathen, haikulipamba hilo. Ilisema ofisi ya sherifu ilikuwa na sababu za kutosha kisheria kumshika na kuanza utaratibu wa kumnyang'anya bunduki, na kwamba kuiachia familia kazi hiyo kulikuwa ni kukimbia wajibu. Jeshi nalo likapata fungu lake la lawama. Kwa hiyo kujuana hakukukosekana. Kulikuwepo tele, na ndiko kulikomfanya ofisa asione haja ya kurudi.

Sheria ya kumzuia ilikuwepo pia. Maine wanaiita ya bendera ya njano: polisi humshika mtu, mtaalamu wa afya humpima, jaji huamua kuhusu silaha zake. Ilianza kutumika mwaka 2020, na hadi usiku ule wa Oktoba 2023 ilikuwa haijatumika hata mara mia katika jimbo zima. Baada ya hapo imetumika mamia ya mara. Novemba 2025 wapiga kura wa Maine wakaongeza nyingine, ya bendera nyekundu, inayoiruhusu familia yenyewe iende moja kwa moja kwa jaji bila kumsubiri ofisa aliyegonga akaondoka.

Kwa hiyo ndugu anapokuuliza ahamie wapi, mwulize nawe ukitaka: huko anakokwenda, mtu akipiga simu kusema jirani yangu anaumwa akili na ana bunduki kumi, nani anakuja, na asipofunguliwa mlango anarudi lini? Kwenye orodha ya shemeji safu hiyo haipo.