Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Kila mwaka, ligi inapokwisha na dirisha la usajili linapofunguliwa, mji wa Dar es Salaam hushikwa na homa. Watu hawaulizani tena ni nani aliyecheza vema. Waulizana ni nani anayekuja. Picha za wageni wakishuka uwanja wa ndege, skafu shingoni, hupita kutoka simu hata simu. Matarumbeta hulia, na klabu iliyoleta majina mengi husifiwa kana kwamba imekwisha kutwaa kombe, hali mpira haujawekwa hata katikati ya kiwanja. Sisi tuzipendao timu za mji huu twataka kuipinga homa hiyo waziwazi. Wala hatutasema kama sisi ni wa Jangwani au wa Msimbazi, maana ugonjwa ni mmoja, na kila upande humwona mgonjwa ng'ambo ya pili tu.

Neno letu ni hili: timu ya nyumbani ni ile inayolea. Isiyolea, hata ikitwaa kombe kila mwaka, ni nyumba ya kupangisha. Wapangaji wema huja, hulipa kodi yao kwa mabao, kisha hufunga mizigo, na nyumba hubaki tupu ikingoja wengine. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Vyama vyenye umri kama huo vyapasa kuwa kama mwembe mkongwe wa uani, utoao matunda kila majira. Si kama meza ya mchuuzi, ambayo kila asubuhi hupangwa upya matunda yaliyonunuliwa sokoni.

Na tutazame mambo yaliyotokea. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilishindwa nyumbani na USM Alger kwa mabao 2 kwa 1, ikaenda Algiers ikashinda 1 kwa 0, na kombe likaiponyoka kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Mfungaji wake mkuu alikuwa Fiston Mayele, mtu wa Kongo. Mwaka ule ule Mayele akaenda zake Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akafunga bao katika fainali iliyowapa Pyramids ubingwa wa Afrika. Kabla yake, mwaka 2021, Luis Miquissone wa Msumbiji aliondoka Simba akaenda Al Ahly. Na mwaka 2024 Clatous Chama wa Zambia, aliyependwa Msimbazi kama mtoto wa kuzaliwa, alivuka akaingia Jangwani.

Wako waliomwita Chama msaliti. Twauliza, msaliti wa nini? Miaka ya nguvu ya mchezaji ni michache, na mkataba wake ukiisha ana haki ya kwenda apendako. Mpangaji akihamia nyumba ya jirani hamsaliti mtu. Lawama si yake. Ni ya mwenye nyumba, ambaye miaka yote hiyo hakumkuza hata kijana mmoja wa kukaa mahali pake.

Huenda mtu akasema, "Mwalimu, wageni ndio waliotupa heshima." Ni kweli, wala hatukatai. Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2019, tena 2021, tena 2023, tena 2024. Na mwaka 2025 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikashindwa na RS Berkane ya Moroko. Wageni walikuwa na sehemu kubwa katika kazi hizo, na atakayewadharau kwa sababu ya nchi walikozaliwa hatakuwa mwenzetu. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini je, mwenyeji amepona? Mgeni amfundishaye kijana wa nyumbani ni baraka. Mgeni akaliaye kiti, na kijana wa nyumbani akasimama mlangoni miaka mitatu bila kuitwa ndani, huyo hakumponya mtu; wala kosa si lake, bali la aliyepanga viti. Kanuni za ligi yetu katika misimu ya karibuni zimeruhusu klabu moja kusajili wageni hata 12. Ruhusa si amri. Kanuni isemayo "hata 12" haisemi "lazima 12". Lakini viongozi wengi huisoma hivyo, na mashabiki huwapigia makofi.

Wa pili atasema, "Vijana wetu hawawezi." Neno hili latuudhi kuliko yote, kwa maana husemwa na watu wasiowajaribu. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika, na mwaka 1993 ikafika fainali ya Kombe la CAF. Na kwa sehemu kubwa ilikuwa timu ya vijana wa nchi hii. Mwaka 2003 Simba iliitoa Zamalek ya Misri, iliyokuwa ikishika ubingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti huko huko Cairo, na mlinda mlango alikuwa Juma Kaseja, Mtanzania. Je, vijana wa zamani walizaliwa na miguu ya namna nyingine? La. Walipewa nafasi ya kukosea, na kukosea ndiko kulikowafundisha.

Mtazameni Mbwana Samatta, mtoto wa Dar es Salaam. Alitoka African Lyon, akaingia Simba mwaka 2010. Mwaka 2011, baada ya Simba na TP Mazembe ya Lubumbashi kukutana katika Ligi ya Mabingwa, Mazembe wakamchukua. Huko alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka huo miongoni mwa wachezao barani. Akaenda Genk ya Ubelgiji akawa bingwa wa nchi ile katika msimu wa 2018/19. Na mwaka 2020, akiwa Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza. Watu wa Lubumbashi waliona kwa michezo michache yale ambayo jirani zake wa Dar es Salaam walikuwa nayo mlangoni kila siku.

Sasa na tuhesabu fedha, kwa kuwa wako wasiosikia lugha nyingine. FIFA ina kanuni kwamba mchezaji auzwapo kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei yake hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hata 23. Kila mwaka wa malezi tangu 12 hata 15 una robo ya asilimia moja. Kila mwaka tangu 16 hata 23 una nusu ya asilimia moja. Basi mchezaji akiuzwa kwa dola milioni 10, dola 500,000 ni za waliomlea. Klabu iliyokaa naye mwaka mmoja tu, akiwa amekwisha kupita miaka 16, fungu lake ni 50,000. Iliyokaa naye miaka minane hupata 400,000. Na akiuzwa tena, wagawiwa tena. Lakini iliyomnunua akiwa na miaka 28 haina fungu la malezi hata senti moja. Huo ndio mwembe tuliousema. Mwenye meza ya sokoni hununua kila siku. Mwenye mwembe hupanda mara moja akachuma miaka mingi.

Wala jambo hili si ndoto. Mwaka 1967 Celtic ya Scotland ilitwaa kombe la mabingwa wa Ulaya mjini Lisbon kwa kuifunga Inter ya Italia mabao 2 kwa 1, na wachezaji wake wote walizaliwa mahali pasipozidi maili 30 kutoka mji wao wa Glasgow. Athletic ya Bilbao, huko Hispania, hata leo huchezesha tu waliozaliwa au kulelewa kimpira katika nchi ya Wabaski. Nayo haijashuka daraja tangu ligi ile kuanzishwa, na mwaka 2024 ilitwaa Kombe la Mfalme, ambalo ilikuwa haijalipata tangu 1984. Mmoja wa nguzo zake ni Iñaki Williams, ambaye wazazi wake walitoka Ghana, naye huichezea timu ya taifa ya Ghana. Hatuwaambii viongozi wetu waige sheria ya Bilbao yote. Twataka waone jambo moja tu: unyumbani si damu, ni malezi. Mtoto wa Mkongo au wa Mrundi aliyekulia Temeke, akafundishwa mpira Temeke, ni wetu kuliko nyota yeyote aliyeletwa kwa miezi sita.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali hata Ulaya. Pale Chamazi, Azam walijenga kituo cha kulea vijana, na mwaka 2014 walitwaa ubingwa wa nchi bila kufungwa mchezo hata mmoja. John Bocco alikaa kwao karibu miaka 10. Mwaka 2017 akaenda Simba, akawa nahodha, na Simba ikatwaa ubingwa mara 4 mfululizo. Chamazi walipanda, Msimbazi wakavuna. Twamsifu Bocco, lakini twauliza ni nani aliyepandwa Msimbazi wakati ule, na ni nani aliyepandwa Jangwani, ambaye leo jirani angeweza kumtamani.

Sisi walimu tuna neno la kusema hapa, maana vijana hawa hupita mikononi mwetu kwanza. Kila mwaka shule za msingi hushindana katika UMITASHUMTA, na za sekondari katika UMISSETA. Twawaona watoto wa miaka 13 wachezao pekupeku juu ya kokoto, wakiupokea mpira kwa kifua na kuulaza chini kama mtu alazaye kitoto kichanga. Twawaona, tena twayaandika majina yao. Lakini miaka yote tuliyosimama ukingoni mwa viwanja hivyo hatujamwona mjumbe wa klabu yo yote kubwa amekaa na daftari yake. Baada ya miaka mitatu kijana yule huendesha bodaboda, na klabu hulipa tiketi ya ndege kwa mtu asiyemzidi.

Na mashabiki nao wana sehemu yao, wala hatutawaficha. Mgeni akikosa bao, husema, "Mwacheni azoee hali ya hewa." Kijana wa nyumbani akikosa, humzomea kabla hajageuka kurudi nyuma. Huyo hana hali ya hewa ya kuzoea, ila hali ya mioyo yenu. Wazee walisema, "Mcheza kwao hutuzwa." Siku hizi mcheza kwao huzomewa, na watu wale wale hushangaa kwa nini timu ya taifa haina mfungaji.

Basi yafaa tufanye nini? Klabu hizi si mali ya mtu mmoja. Hata katika taratibu za hisa zilizoletwa miaka hii, kanuni ya nchi yataka wanachama wabaki na asilimia 51. Asilimia hiyo si pambo la kadi. Mwanachama na aende katika mkutano mkuu, asimame, aulize maneno matatu, wala asikae kabla hajajibiwa. La kwanza: katika misimu miwili iliyopita, ni vijana wangapi waliotoka timu yetu ya vijana wakaingia timu kubwa, na walicheza dakika ngapi? La pili: kila mchezaji aliyesajiliwa, ni nani aliyemtazama kwanza, mara ngapi, na kocha alisema nini? La tatu: wale tuliowaacha, waliachwa kwa sababu gani, na je, walilipwa haki zao zote? Kiongozi mwenye majibu atajibu kwa furaha. Asiye nayo ataagiza matarumbeta yapigwe.

Hatusemi wageni wasije. Na waje walio bora kuliko waliopo, wachache, na waje kufundisha pamoja na kufunga. Twasema tu kwamba mbachao, hata ukichakaa, ni wako. Umeukalia wewe na watoto wako. Msala upitao una nakshi nzuri, lakini una mwenyewe, naye atakuja kuuchukua saa ya kuondoka. Dirisha la usajili litakapofunguliwa tena, msomaji na asikimbilie uwanja wa ndege. Na aende kwanza kiwanja cha mtaani kwao, atazame ni nani anayecheza.