Ukiandika "Nyaraka", Mwenye Bima ni Wewe

Wanachuo wenzangu, mara ya mwisho ulipotuma kitu cha thamani kwa basi, uliandika nini pale palipoandikwa "aina ya mzigo"? Usijibu kwa sauti. Wengi tunaandika "nguo" au "vitabu", na ndani kuna simu mpya ya mdogo wako. Mimi niliandika "nyaraka". Ndani kulikuwa na stempu za babu yangu.

Nilikuwa Mikumi kwa ajili ya BTP, nafundisha Hisabati Kidato cha Nne. Kwetu ni Kilosa, hivyo wikiendi nyingi nilikuwa naenda kwa bibi. Babu alikuwa mtu wa reli. Miaka yote aliyofanya kazi stesheni, bahasha zilizotupwa na wenzake alizichana kona yenye stempu, akaziloweka kwenye bakuli la maji mpaka gundi iachie, kisha akazianika juu ya gazeti. Zikikauka anazipanga kwenye albamu. Watu walimwona kama ana mapepe. Mafuriko ya mto Mkondoa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalipoingia majumbani na kung'oa hadi reli, albamu ilipona kwa sababu moja tu: bibi alikuwa ameiweka juu ya kabati ili watoto wasiifikie.

Ndani yake kuna mambo. Kuna stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga, zilizoanza kutolewa 1922. Kuna zile za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, za 1935, zenye sura ya Mfalme George wa Tano. Kuna za uhuru, Desemba 1961. Na kuna kadi moja ya posta ya enzi za Wajerumani, stempu yake ina picha ya meli ya Kaisari, na juu yake umegongwa muhuri unaosomeka KILOSSA. S mbili, hivyo ndivyo Wajerumani walivyouandika mji wetu. Kadi hiyo ikumbukeni, nitairudia.

Bibi paa lake linavuja. Akasema, "Mume wangu, hayo makaratasi ya babu yako kama yana mtu wa kuyanunua, uza tupate bati." Nikatafuta, nikampata mkusanyaji mmoja Dar es Salaam. Tukaelewana fungu la kwanza, twiga na baadhi ya zile za 1935, kwa shilingi 180,000. Kwa bei niliyoulizia, hizo zilikuwa bati sita. Akatanguliza nusu, 90,000.

Ijumaa jioni nikaenda ofisi ya basi moja pale Mikumi. Kijana wa mizigo akaniuliza, "Ticha, ndani kuna nini?" Nikasita. Nikisema ni stempu za laki na themanini, atashangaa, atamwambia mwenzake, na mwenzake atafungua aone stempu ya laki inafananaje. Nikasema nyaraka. Nikalipa 3,000, nikapewa risiti, nikaenda kula.

Jumamosi mnunuzi akaenda kuchukua, hakuna. Jumapili hakuna. Jumatatu wakasema labda bahasha iliendelea na gari. Barabara ile inakatiza katikati ya hifadhi, na wanafunzi wangu wakasema labda tembo wa Mikumi nao wameanza kukusanya stempu. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nawaza boom. Kwa sababu ile 90,000 nilishampelekea bibi, na mnunuzi alitaka hela yake, tena alikuwa na haki. Niliilipa kutoka kwenye boom.

Nikadai fidia. Wakanigeuzia risiti upande wa nyuma. Kwa maandishi madogo kabisa imeandikwa kwamba mzigo ambao thamani yake haikutajwa utalipwa si zaidi ya mara kumi ya gharama ya kuusafirisha. Mara kumi ya 3,000 ni 30,000. Bati moja. Niliipokea, ningefanyaje?

Basi mjadala hosteli ukawa mmoja: ningetuma kwa Posta, kwa rejista na bima, ingekuwaje? Je, bima ya kutuma vitu kama hivi ina maana au ni hela ya kuwachangia wakubwa? Mwenzangu mmoja wa Biashara alishika msimamo kwamba bima ni hasara. Hoja yake ni hii, na si ya kipuuzi: wanaokukatia bima si wajinga, wamepiga hesabu, na kiasi wanachokutoza lazima kiwe kikubwa kuliko wanachotegemea kulipa. Kwa hiyo kwa wastani wewe ndiye unayeliwa.

Nimefundisha probabiliti darasani wiki tatu nzima, ngoja niitumie. Tuseme mzigo una thamani ya 200,000 na bima yake inagharimu 4,000. Nne elfu ni sehemu moja ya hamsini ya laki mbili. Maana yake, kama katika mizigo hamsini unapotea zaidi ya mmoja, bima inakulipa. Kama unapotea mmoja katika mia tano, unatupa hela. Mpaka hapo mtu wa Biashara yuko sahihi.

Lakini wastani ni wa mtu mwenye mizigo mingi. Mfanyabiashara anayetuma vifurushi mia kwa mwaka anaweza kukataa bima, akaweka pembeni ile nne elfu kila mara, na siku kimoja kikipotea akajilipa mwenyewe. Mimi natuma kifurushi kimoja. Sina wastani. Nina mawili tu: kimefika, au semesta nzima nakula maandazi na chai ya rangi. Swali langu mimi haliwi "kwa wastani napata au nakosa". Linakuwa "hasara hii ikinipata, nitaibeba?" Kama unaweza kuibeba bila kukopa kwa rumeti, usikate bima. Kama huwezi, kata, na usihesabu kwamba umeliwa.

Kitu kingine ambacho hosteli hawakukiona, na mimi nilikiona baada ya kuumia, ni kwamba kukataa bima hakukufanyi usiwe na bima. Kuna mtu bado anabeba hasara. Nilipoandika "nyaraka" nilijiona mjanja, nimewaficha wezi. Kumbe nilikuwa nasaini kwamba bima ya mzigo huu ni mimi mwenyewe, na mfuko wa kulipia ni boom langu. Kuficha thamani ni njia halali kabisa ya kujilinda, hata wazee wetu walifunga hela kwenye pindo la kanga. Ila huwezi kuficha na kudai kwa pamoja. Ukitaka ulipwe laki na themanini, lazima kuna mtu ulimwambia ni laki na themanini kabla mzigo haujaondoka.

Sasa Posta. Watu wengi wanachanganya rejista na bima. Ukirejista barua unapewa namba, inaandikwa inapopita, na anayepokea anasaini. Hiyo ni nzuri, kwa sababu kitu chenye namba hakipotei kimya kimya. Lakini chini ya kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ambao nchi yetu ni mwanachama, fidia ya barua ya rejista ni kiasi kimoja kilichopangwa. Hakiangalii ndani kulikuwa na twiga wa 1922 au kadi ya harusi. Bima ni huduma nyingine: unataja thamani, unalipia kulingana na thamani hiyo, na ikipotea unalipwa hadi kiwango ulichotaja. Wala si nchi zote zinaipokea, kwa hiyo unauliza kaunta kabla hujafunga bahasha.

Bima hiyo ina masharti yake ambayo mwanafunzi akiyajua mapema atapunguza kulia. Huruhusiwi kutaja thamani kubwa kuliko ya kweli. Ukigundulika umeongopa, fidia unaisahau. Unaruhusiwa kutaja ndogo, ila utalipwa hiyo hiyo ndogo. Ukifunga vibaya, stempu zikaingia maji zikagandana, wanaweza kukuambia kosa ni lako. Mpokeaji akisaini kwamba amepokea vizuri, kisha jioni akafungua akakuta zimechanika, kudai kunakuwa kugumu mno, kwa hiyo mwambie aangalie bahasha kabla ya kusaini. Na malalamiko yana muda: kwa barua za kimataifa ni miezi sita tangu siku inayofuata ile ya kutuma. Kama una sarafu, mathalani zile heller zilizotengenezwa Tabora 1916 wakati wa vita, fahamu kwamba mkataba wa Umoja wa Posta unakataza sarafu na vitu vya thamani ndani ya barua ya kawaida. Ukizichomeka humo kimya kimya, huna pa kulalamika.

Halafu kuna uthibitisho. Hapa ndipo bima ya vitu vya kukusanya inapokuwa ngumu kuliko bima ya simu. Simu ina risiti ya duka. Stempu ya babu risiti yake iko wapi? Mimi nilikuwa na bahati kidogo: nilikuwa na ujumbe wa mnunuzi unaosema 180,000 na muamala wa 90,000. Hiyo ndiyo thamani iliyoandikwa. Ningekuwa nampelekea binamu yangu kama zawadi, ningeonyesha nini? Picha? Picha inaonyesha kwamba stempu ilikuwepo, haionyeshi bei yake. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kitu kilichouzwa, chenye bei ambayo watu wawili wameiafiki kwa maandishi, kikatie bima bila kujiuliza mara mbili, na gharama muiweke ndani ya bei. Kitu ambacho hakijawahi kuwa na bei, bima yake ni kama tiketi isiyo na jina la kituo.

Hili nilielewa vizuri zaidi kwa bibi.

Nilienda Kilosa kumweleza. Kutoka Mikumi kwenda Kilosa unapita mahali panaitwa Ulaya, kweli kabisa, Ulaya iko wilayani kwetu, na siku hiyo niliiona safari ndefu kama ya kwenda ile nyingine. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia zile za twiga zimepotea na nilicholipwa ni 30,000. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Za babu yako zimebaki?" Nikamwambia zimebaki nyingi, na nikamweleza mpango mpya. Kuna mkusanyaji Ujerumani anaitaka ile kadi ya KILOSSA. Bei aliyotaja inamaliza paa lote na kubaki. Safari hii tutatuma Posta, kwa bima, kila kitu wazi.

"Ikipotea watanirudishia?"

"Watakulipa, bibi."

"Sikuuliza hivyo."

Nikakosa jibu. Nilikuwa nimesoma masharti yote, najua miezi sita, najua nani anasaini wapi, lakini hilo halikuwemo. Stempu za twiga zilichapwa kwa wingi, mnunuzi akikosa zangu atapata za mwingine, na mimi nikilipwa bati sita nimekwisha. Kadi moja iliyogongwa muhuri Kilosa zaidi ya miaka mia iliyopita, ikazunguka ikarudi mikononi mwa mtu wa stesheni ya Kilosa, ikapona Mkondoa juu ya kabati, ukilipwa thamani yake yote bado hujalipwa. Kitu cha namna hiyo ukiwa na hela ya bima, afadhali uitumie kukifungasha, au umpe mtu nauli akipeleke mkononi. Siku hizi treni ya SGR inasimama Kilosa, kutoka Dar kwenda na kurudi ni suala la siku moja. Ujerumani ndiyo hakuna treni.

Fungu la pili la stempu tulilituma wiki mbili baadaye, kwa mnunuzi yule yule wa Dar. Alikubali, Mungu ambariki. Safari hii nilizipanga kati ya kadibodi mbili ngumu, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, nikapiga picha kila ukurasa kabla ya kufunga, na nikataja thamani kwa sauti kaunta, watu wawili wakageuka kunitazama. Zilifika. Gharama ya ziada tuligawana nusu kwa nusu. Bibi ana bati nne mpya upande wa jikoni.

Mwenzangu wa Biashara anasema kwa vile zilifika, hela ya bima nimeitupa. Nimemwambia aje BTP kwangu mwakani nimfundishe probabiliti upya.

Kadi ya KILOSSA bado iko juu ya kabati, chumbani, upande ambao paa linavuja. Mjerumani ameandika tena juzi. Anasema atalipia bima yote yeye. Nimemsomea bibi ujumbe huo, akaniambia nisogeze kabati.