Majina Matakatifu Juu ya Mtutu



Wapendwa waamini, wapo wanaosema kwamba jina la silaha si kitu, kwa kuwa anayepigwa hana nafasi ya kuuliza kilichompiga kinaitwaje. Nakataa. Taifa linapokipa kifaru chake jina, hutuambia wazi linataka tukionaje.

Kifaru cha kwanza kilipoingia vitani huko Somme, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916, Waingereza walikuwa wamekificha nyuma ya neno la hadaa: tangi, kana kwamba ni chombo cha kuhifadhia maji. Walitaka majasusi wasing'amue kinachoundwa. Hadaa hiyo ilimlenga adui. Iliyofuata inatulenga sisi.

Watazameni Waingereza hao hao, wapenzi wa majina yaanzayo kwa herufi C. Kulikuwa na Crusader, yaani mpiganaji wa Vita vya Msalaba, nacho kikapelekwa mwaka 1941 kupigana katika jangwa la Libya, nchi ya Waislamu! Kikaja Cromwell, jina la mtu ambaye majeshi yake yaliwaua mapadre na raia pale Drogheda, Ireland, mwaka 1649. Kisha, mwaka 1945, Centurion, yaani akida. Akida wa Kapernaumu ndiye aliyetuachia maneno tunayoyatamka katika kila Misa kabla ya Komunyo, tukikiri kutostahili kwetu. Sidhani waliokipa kifaru jina hilo walikuwa na unyenyekevu huo moyoni.

Israeli nayo, tangu mwaka 1979, inatumia Merkava. Neno hilo la Kiebrania maana yake ni gari la vita, na mapokeo ya Kiyahudi hulitumia kwa maono ya nabii Ezekieli, yale ya magurudumu na viumbe hai vyenye mabawa. Lakini anayelitaka jina hilo na alichukue lote, maana katika Kutoka sura ya 15 neno lilo hilo ndilo linalotumika kwa magari ya Farao yaliyotupwa baharini.

India imekiita chake Arjun, shujaa wa Mahabharata. Pakistani ikajibu kwa Al-Khalid, kwa heshima ya Khalid ibn al-Walid, jemadari na sahaba wa Mtume Muhammad. Kila upande wa mpaka umepandisha shujaa wa imani yake juu ya minyororo ya chuma, halafu tunashangaa vijana wakidhani mapigano ya mpakani ni ibada.

Mtaniambia: basi Wajerumani wamefanya vyema kutumia wanyama. La hasha! Tiger zilipigana Kharkiv mwaka 1943. Vita vikaisha, nchi ikatubu mengi, lakini kifaru kipya cha mwaka 1965 kikaitwa Leopard, chui, ukoo ule ule wa paka wakubwa. Mwaka 2023 Leopard zikapelekwa Ukraine. Sibishani na haki ya nchi iliyovamiwa kujilinda; Kanisa linaifundisha haki hiyo. Nabishana na jina. Chui huua apate kula, kisha hulala. Hajapata kubomoa mji.

Nasi Waswahili tusijitoe. Tumechukua jina la mnyama mla majani tukalibandika juu ya mzinga, na huku mnyama mwenyewe anatoweka: mwaka 2018 alikufa Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, pale Ol Pejeta nchini Kenya.

Kwangu mimi, Wajapani wana uaminifu zaidi. Chao cha mwaka 1990 huitwa Aina ya 90, na cha mwaka 2010 Aina ya 10. Nambari kavu, kama ya mashine ya kusaga. Hakuna nabii wala jemadari anayeazimwa.

Wasovieti walifika huko kwa njia ya ajabu. Vifaru vyao vizito viliitwa IS, herufi za kwanza za Iosif Stalin. Stalin akafariki Machi 1953, na kifaru kizito kipya cha mwaka huo kikaingia jeshini kwa jina la T-10. Chuma kilikuwa kile kile, na mzinga wake wa milimita 122 haukupunguzwa hata milimita moja.