Kifafa, nguruwe na choo: utafiti wa Mbulu unatufundisha nini sisi walezi?

Mama, mlezi, kama kuna mtu nyumbani kwako anayeanguka kifafa, bila shaka umeshaambiwa mengi. Amerogwa. Ni ugonjwa wa ukoo. Amekanyaga kitu kibaya njiani. Lakini ipo sababu moja ambayo majirani huitaja mara chache, ingawa imechunguzwa hapa hapa mkoani Manyara kwa zaidi ya miaka 20: mayai ya tegu wa nguruwe.

Mimi ni muuguzi wa jamii hapa Nangara, Babati mjini. Swali ninaloulizwa sana na akina mama ni hili: "Dada nesi, sisi hatuli nguruwe, hiyo inatuhusu nini?" Inawahusu. Na aliyetusaidia kuelewa kwa nini inawahusu ni mtafiti wa Kitanzania, Profesa Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kwa muda mrefu amefanya kazi mbili kwa pamoja: kuwapima nguruwe ili kujua ugonjwa uko wapi, na kupima kama elimu ikifika kwa wananchi inapunguza ugonjwa huo.

Njia mbili, magonjwa mawili

Hapa ndipo wengi wanapochanganya, kwa hiyo tuende taratibu.

Njia ya kwanza ni nyama. Nguruwe mwenye ugonjwa huu ana malengelenge madogo meupe ndani ya nyama, kama punje za mchele. Ukila nyama hiyo haijaiva vizuri, lengelenge moja linaweza kukua tumboni mwako na kuwa tegu, mnyoo bapa wenye urefu wa mita kadhaa. Mwenye tegu anaweza kukaa naye muda mrefu bila kuumwa sana. Dalili anayoweza kuiona ni vipande vyeupe bapa kwenye choo kikubwa.

Njia ya pili ni kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kila kipande cha mnyoo kina maelfu ya mayai. Mayai hayo yakifika mdomoni mwako kwa mikono, maji au mboga mbichi, hayageuki kuwa tegu. Yanaanguliwa, yanaingia kwenye damu na kwenda kujenga malengelenge kwenye misuli, machoni au kwenye ubongo. Yakikaa kwenye ubongo yanaweza kuleta kifafa, maumivu makali ya kichwa, hata upofu.

Kwa hiyo nyama ya nguruwe inakupa tegu. Kinachompeleka mtu kwenye kifafa ni mayai yanayotoka kwa binadamu. Familia ambayo haijawahi kuonja kitimoto inaweza kuupata ugonjwa wa ubongo, kama anayewapikia au jirani asiye na choo ana tegu.

Nguruwe naye anaugua kwa sababu anakula kinyesi cha watu huko vichakani. Mzunguko unaanza kwetu na unarudi kwetu.

Walichokuta Mbulu

Mwaka 2004 Profesa Ngowi na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika wilaya ya Mbulu, jirani zetu kabisa. Waliwakagua nguruwe 770 katika vijiji 21 kwa kuwavuta ulimi na kupapasa kama una vinundu. Karibu nguruwe 17 kati ya kila 100 walikuwa navyo, na katika baadhi ya vijiji hali ilikuwa mbaya kuliko hapo. Nguruwe wanaozurura, na kaya zisizo na choo, ndiko ugonjwa ulikokuwa zaidi.

Kipimo cha ulimi ni rahisi na hakihitaji maabara. Wanunuzi wengi wa nguruwe hukitumia. Lakini kina upungufu wake: nguruwe mwenye malengelenge machache anaweza kupita kama mzima. Hivyo idadi halisi ya wagonjwa huwa kubwa kuliko ile inayoonekana kwa ulimi.

Kwa upande wa binadamu, madaktari wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilaya hiyo hiyo ya Mbulu, wakishirikiana na daktari wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler, waliwapiga picha ya CT ya kichwa watu 212 wenye kifafa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Karibu watu 18 kati ya kila 100 walikuwa na alama za ugonjwa huu kwenye ubongo, za hakika au za kutiliwa shaka kubwa. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kuwa katika nchi ambako tegu huyu yupo kwa wingi, hadi asilimia 30 ya kifafa kinaweza kuhusishwa naye.

Hicho ni kifafa ambacho kingeweza kuzuiwa.

Je, elimu peke yake inasaidia?

Hili ndilo jambo lililonifanya niandike. Profesa Ngowi hakuishia kuhesabu nguruwe. Alirudi Mbulu, katika vijiji 42, akagawa kaya za wafugaji katika makundi mawili. Kundi moja lilipata elimu ya afya, jingine likasubiri. Kisha nguruwe wadogo wakafuatiliwa kuona ni wangapi wataambukizwa. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa maambukizi mapya kwa nguruwe wa waliopata elimu yalipungua kwa karibu asilimia 43.

Lakini kuna la kuangalia kwa makini. Watafiti walipochunguza kaya, hawakuona mabadiliko ya wazi katika vyoo na ufugaji. Kilichopungua, kwa maelezo ya watu wenyewe, ni kula nyama yenye malengelenge.

Mimi nalisoma hivi. Kujenga choo kunahitaji fedha na nguvu kazi, na mara nyingi mwenye uamuzi ni baba. Kukataa nyama yenye punje nyeupe, au kuiacha jikoni hadi iive, mama anaweza kuanza leo. Elimu iliingia kwanza jikoni. Hilo ni jambo la kututia moyo, ila lisitulaze. Asilimia 43 ni chini ya nusu. Nusu kubwa iliyobaki inahitaji vyoo, mabanda, ukaguzi wa nyama na matibabu ya wenye tegu, na hayo hayawezi kubebwa na mama peke yake.

Kwa nini bado tunalo?

Ugonjwa huu umekaa katikati ya ofisi tatu. Nguruwe ni wa afisa mifugo, mgonjwa wa kifafa ni wa zahanati, na choo ni cha afisa afya. Kila mmoja anaona kipande chake. Mfugaji naye akigundua nguruwe wake ana vinundu, anajua akimpeleka kwa mkaguzi atapata hasara, basi anachinja nyumbani kimyakimya, hasa sikukuu zikikaribia. Hatuwezi kumlaumu mtu maskini na kuishia hapo. Nguruwe huyo huenda ndiye ada ya shule.

Dawa ya kumtibu nguruwe ipo, ni oksifendazoli, na chanjo ya nguruwe nayo imejaribiwa hapa Tanzania. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 hadi 2030 umeuweka ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na unataka nchi ziongeze nguvu kwenye maeneo yaliyoathirika zaidi. Kwenye mkutano wa mtaa una haki ya kuuliza: mkaguzi wa nyama anapita lini? Dawa ya nguruwe inapatikana wapi?

Unachoweza kufanya nyumbani

- Pika nyama ya nguruwe hadi iive mpaka ndani, isibaki nyekundu wala kutoa maji ya damu. Mishikaki mikubwa iliyobabuka nje tu si salama.
- Ukiona punje nyeupe kwenye nyama, usizitoe na kupika iliyobaki. Iache.
- Nunua nyama iliyokaguliwa na kugongwa muhuri.
- Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kupika. Osha vizuri mboga na matunda yanayoliwa mabichi. Chemsha maji ya kunywa.
- Kinyesi cha mtoto nacho kitupwe chooni.
- Funga nguruwe bandani.
- Ukiona vipande vyeupe bapa kwenye choo, njoo zahanati upimwe. Kipimo kimoja cha choo kinaweza kukosa mayai, hivyo waambie wahudumu ulichokiona. Usinunue dawa dukani ukajitibu.

Mtu akianguka kifafa

Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mate yake hayaambukizi kifafa, usiogope kumshika. Degedege ikizidi dakika tano, au ikirudi kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali. Mtoto mdogo mwenye homa na degedege apelekwe mara moja, kwani huenda ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo.

Aliyeanza kuanguka akiwa mkubwa aelekezwe kwenye hospitali yenye picha ya CT, kama inawezekana. Akiandikiwa dawa za kifafa, asiziache kwa kuwa tu amepata nafuu.

Jambo la mwisho, na tafadhali likumbuke. Siku ya ugawaji wa dawa za kichocho shuleni au mtaani, kama mtoto wako amewahi kupata kifafa, mwambie mgawaji kabla hajameza. Dawa ya kichocho ni nzuri na watoto wengi wanaihitaji, lakini kwa mwenye malengelenge kwenye ubongo inaweza kuamsha kifafa. Mtoto huyo aonwe kwanza na daktari, ndipo ijulikane atameza nini na wapi.