Enyi Mwendao Malindi Kupumzika, Chukueni Kitabu

Liko jambo linanikera, na leo nitalisema hata kama litawachoma jamaa zangu. Kila likizo ikifika, watu wetu hufunga mizigo kutoka Nairobi, Nakuru na Eldoret, na hata Mombasa hapo jirani, wakaja kukaa Malindi, Watamu na Kilifi wiki nzima au mbili. Ndani ya mizigo mna nguo za kuogelea, miwani ya jua, spika ya muziki na chaja za simu za kila aina. Kitabu hamna. Daftari hamna. Hata kalamu ya kujazia fomu ya hoteli huazimwa mapokezini. Kisha mtu hurudi kazini macho mekundu, amechoka kuliko alivyoondoka, akawaambia wenzake kwamba alikwenda kupumzika!

Kupumzika gani huko? Usiku kucha ni ngoma, mchana ni usingizi wa kulipa deni la usiku, na jioni ni kumpiga picha kamba wa kukaanga kabla hajaliwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa mfanyakazi wa Kenya likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na mshahara wake halali. Hiyo ni neema kubwa. Babu zetu waliokata mkonge hapa Kilifi hawakuijua. Nasi tunaichukua neema hiyo tukaimwaga mchangani.

Sasa watazameni wageni. Ifikapo Oktoba na Novemba, kwao Ulaya majani ya miti yanapukutika na jua linatua mapema; ndipo Waitaliano na wenzao wanapoanza kuja, na wako wanaokaa mpaka kaskazi inakwisha. Mzee wa Kiitaliano utamkuta chini ya makuti tangu asubuhi, kitabu kinene mkononi. Mkewe kando yake anaandika. Sisemi wageni wote ni watu wema. Wako waliotuletea Malindi tabia ambazo gazetini hazitajiki. Lakini Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, anapona yeye, na mwenyeji amekaa kumtazama.

Tena si jambo la jana. Ernest Hemingway alivua samaki Malindi mwaka 1934, na kitabu chake juu ya safari ile ya Afrika Mashariki kikatoka mwaka 1935. Kabla yake, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mkewe na mtoto wake mchanga wakafa mwaka huo huo, homa zikamwandama yeye mwenyewe, na bado mwaka 1846 alijenga makazi Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi, akawa anaokota maneno ya wenyeji na kuyaandika. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, mwenyewe ameshakufa. Mgeni mwenye homa alikusanya maneno yetu, sisi wazima tunashindwa kusoma hadithi moja iliyoandikwa kwa maneno hayo hayo. Penye miti hapana wajenzi!

Nasi tusijidai kwamba kusoma na kuandika ni mambo ya Wazungu. Pwani hii ilikuwa na watunzi wakati Krapf hajazaliwa. Baadaye Mwana Kupona, bibi wa Pate, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kuikosoa serikali; akiwa jela alitunga mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni, na diwani yake ya Sauti ya Dhiki ikatoka mwaka 1973. Huyo hakuwa na veranda wala upepo wa bahari. Wewe una meza, una taa, una dafu lililofunguliwa tayari, na barua moja kwa mama yako imekushinda. Haya!

Na dini je? Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa ya kusoma, na ndani ya Kurani iko sura iliyopewa jina la kalamu. Ndugu zetu Wakristo nao, ibada yao haikamiliki bila Kitabu. Basi huu uvivu tumeutoa wapi?

Hapa nitoke njiani kidogo, maana moyo haunipi. Mtu akishapata kitabu chake, akakisomee wapi? Njia nyingi tulizopita tukiwa watoto kwenda ufukweni zimezibwa kwa kuta na mageti. Mvuvi anazunguka mbali kuifikia ngalawa yake, mama muuza mihogo anafukuzwa kama mwizi, na mwenyeji anaulizwa na bawabu anakwenda wapi. Bahari ni ya Mungu. Nyinyi wakubwa wa ardhi, zifungueni njia za watu! Nimelisema, narudi kwenye vitabu.

Watu wa Kilifi ni watu wa adabu na subira, sijaona watu wanaojua kuketi barazani kama wao. Aliyejaliwa utulivu huo, kusoma hakutamshinda. Nanyi wasafiri mnayo vuli, mvua inayomfungia mtu ndani. Mto Sabaki ukifurika, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo na hata kuogelea hakupendezi. Hiyo ndiyo siku ya kitabu. Msomeni Shaaban Robert, msomeni Adam Shafi, msomeni Abdulrazak Gurnah, ambaye riwaya yake ya Paradise tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mkienda Gede, mji ule wa kale ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, msiishie kupiga picha mbele ya kasri. Kaeni kivulini, muwaachie watoto waandike walichokiona. Jioni mtafuteni mzee wa Kigiriama au wa Kibajuni, msikilizeni, kisha mwandike kabla hamjalala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wazee wanaondoka kila siku.

Kwa wenye hoteli na nyumba za wageni nina ombi. Rafu zenu zimejaa vitabu vya Kiitaliano na Kijerumani vilivyoachwa na wageni. Wekeni na vya Kiswahili hapo, japo vitano. Bei ya kitabu kimoja haizidi ya sahani ya pweza mnayotuuzia.

Na nyinyi wazazi, shule zinakaribia kufungwa, na likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu. Kabla hamjakata tiketi ya treni, piteni dukani mnunue kitabu kimoja kwa kila mtoto na daftari moja kwa kila mkubwa. Spika iacheni nyumbani.